Tovuti inaweza kujengwa bila megabaiti, vituo vya mafunzo vianze hapo

Kijana wa Lubumbashi au Bunia anayejifunza kutengeneza tovuti hulipa mara mbili: franga za kituo, kisha za megabaiti. Akianzishwa na WordPress kwenye seva ya kukodi, hata kosa la koma hulirekebisha kupitia mtandao. Megabaiti zikiisha, somo limesimama.

RDC inajua hali hiyo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa, ikarudi baada ya siku karibu 20. Mwenye kazi yake kwenye seva ya mbali alibaki akisubiri. Mwenye kazi kwenye kompyuta yake alihitaji umeme tu (na umeme nao ni habari nyingine).

WordPress inaweza kukaa kwenye kompyuta pia, lakini inadai PHP na hifadhidata, na wanafunzi hukwama hapo kabla ya kuandika ukurasa mmoja. Hugo, programu iliyotoka mwaka 2013, ni faili moja. Mwalimu anaipakua mara moja, anaigawa kwa kle ya USB. Mwanafunzi akiisha kuandaa folda ya tovuti, anaandika hugo server na kuifungua kwenye localhost:1313. Akibadilisha neno na kuhifadhi, ukurasa unabadilika palepale.

Shida zipo, na wanaoisifu Hugo hawazisemi. Ukurasa mpya hauonekani kwa sababu una draft = true; mwanafunzi anadhani ameharibu kitu, kumbe alipaswa kuongeza -D. Baya zaidi ni violezo, yaani sura za tovuti zilizo tayari. Vingine huvuta aina za herufi kutoka seva za ng'ambo, na mtandao ukikosekana ukurasa unavurugika. Mwalimu azime Wi-Fi, ajaribu kiolezo, ndipo akigawe.

Wengine watasema wateja wanataka WordPress. Kwa duka linalopokea malipo, sawa. Lakini parokia, shule ya msingi au chama cha wakulima kinahitaji kurasa 5 na namba ya simu. Amri ya hugo inaziweka kwenye folda ya public, na kuzipandisha kunahitaji mtandao wa dakika chache tu. Kituo kinachomtoza kijana megabaiti za miezi 3 kwa kazi hiyo kinamdai fedha bila sababu.