Breki si Urembo, Waheshimiwa!

Ndugu msomaji, siku ya Jumamosi jioni pita kwenye gereji za jijini Dar es Salaam wanakokutana vijana wa Subaru. Utaikuta Impreza imepigwa jeki, magurudumu yamevuliwa, fundi kalala chali. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwa majivuno: "Tunafunga mipira ya breki ya stenlesi, kama ya magari ya rali!"

Mimi sina ugomvi na mipira hiyo. Ugomvi wangu ni na namna inavyofungwa, na wale waliopewa kazi ya kukagua magari yetu wakaridhika kukagua vioo.

Kwanza tuambizane ukweli kuhusu kitu chenyewe. Mpira wa breki ambao gari hutoka nao kiwandani ni wa raba yenye nyuzi ndani yake. Hupeleka oili ya breki kutoka kwenye paipu ya bodi hadi kwenye gurudumu, ambalo halitulii: linapanda, linashuka, linakata kona. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, raba hutanuka kidogo. Ikizeeka hulainika, huchanika nyufa, na mwisho hupasuka. Gari la mtumba lenye miaka 15 au 20 laweza kuwa bado lina mipira ile ile ya kiwandani.

Mpira wa stenlesi una mrija wa tefloni ndani, mali ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Juu yake umesukwa waya wa stenlesi kama ukili. Hautanuki ovyo, hivyo pedali huwa ngumu na dereva huihisi breki mapema. Ndiyo maana watu wa mashindano wanaupenda.

Lakini hapo ndipo vijana wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mpira huo peke yake haufupishi umbali wa gari kusimama. Gari husimama kwa tairi, pedi na diski. Mwenye tairi kipara akifunga stenlesi ni sawa na mtu aliyevaa tai bila shati.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka 2023 binamu yangu alinunua seti ya mipira minne kwa fedha za kutosha kununua gunia la mchele. Tukaipeleka gereji. Fundi alipofungua bolti zinazoshika mipira kwenye kalipa, nikaona anazirudisha washa za shaba zile zile za zamani.

"Fundi, hizo washa si zilishabanwa zikalala?" nikauliza.

"Dogo, hizo bado nzima. Wewe kaandike magazeti yako."

Nikanyamaza. Mimi ni wa kidato cha nne, yeye ni fundi wa miaka mingi, nani angenisikiliza? Upepo ukatolewa harakaharaka, gari likaoshwa, tukaondoka tukishangiliwa.

Siku ya nne asubuhi taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Binamu akadhani ni hendibreki, maana taa ni hiyo hiyo. Kumbe oili ilikuwa ikivuja tone kwa tone kwenye washa. Kwenye mteremko wa Kimara kuja Ubungo, pedali ikazama. Mbele yetu palikuwa na mama anavuka na mtoto mgongoni. Binamu akapampu, akashusha gia, akavuta hendibreki. Tulisimama, mama keshafika upande wa pili, wala hakujua kilichompitia nyuma.

Kilichotuokoa si stenlesi. Masta silinda ya gari ina vyumba viwili, kila kimoja na magurudumu yake. Kimoja kikikauka, kingine hubaki na nguvu kidogo. Aliyebuni hivyo alijua binadamu hukosea. Je, sisi tunajua?

Kazi ya breki ina sheria zake. Washa za shaba zinapaswa kuwa mpya. Kalipa haining'inizwi kwenye mpira. Mpira haufungwi ukiwa umejipinda, na usukani lazima uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili kuhakikisha hauvutiki wala haugusi tairi. Waya ule ukisugua kitu, hukikata kama msumeno. Upepo hutolewa mpaka oili itoke bila povu, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa ambayo haikuachwa wazi, maana oili hiyo hunywa unyevu wa hewani na hapo huchemka mapema. Kisha pedali inakanyagwa kwa nguvu huku mtu anakagua kila kiungo kama kinavuja.

Wenzetu hawafanyi mchezo. Marekani mpira wa breki sharti ustahimili saa 35 za kuchezeshwa kwenye mashine bila kupasuka, na upigwe alama ya DOT. Ujerumani mipira ya stenlesi haikubaliki barabarani bila cheti. Hapa kwetu, nani anauliza cheti dukani? Waya unang'aa, basi umekwisha kuuzika, hata kama vichwa vyake vimebanwa uchochoroni.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na inakataza gari bovu barabarani. Lakini wiki mbili kabla ya mkasa wetu gari lile lilikaguliwa. Mkaguzi alitazama taa, akapiga honi, akabandika stika. Hakuinama hata mara moja. Stika haijawahi kusimamisha gari!

Na msidhani haya ni ya vijana wenye Subaru tu. Fundi anayerudisha washa chakavu kwenye gari la spoti ndiye huyo huyo anayetengeneza daladala tunalopanda walalahoi tumesongamana. Mwenye Impreza amechagua kucheza. Abiria hakuchagua.

Kwa hiyo waheshimiwa, tunataka ukaguzi wa kuinama: gari linyanyuliwe, usukani uzungushwe, pedali ikanyagwe, mipira itazamwe. Tunataka mafundi wapewe mafunzo na vyeti vya breki, na mipira isiyo na alama ya ubora iondolewe madukani. Hayo hayahitaji mkopo wa nje wala semina hotelini.

Nawe kijana mwenzangu, nunua stenlesi ukitaka, lakini nunua kwanza tairi na pedi, na washa mpya. Ukimwona fundi anarudisha za zamani, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.