Kodi Hii Si ya Nyumba

Jioni moja mwanzoni mwa mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili ambaye, kama mimi, anaishi Kamakis, mtaa ule wa kando ya barabara ya Eastern Bypass mjini Ruiru ambao wasafiri wengi huutambua kwa harufu ya nyama choma kabla hawajauona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Mwalimu," akaniambia, "kodi imekataa." Kwa kuwa siku zenyewe zilikuwa za wenye nyumba kubisha milangoni, nilianza kumpa pole na kumuuliza anadaiwa miezi mingapi. "Si kodi ya nyumba, Mwalimu. Ni ile kodi ya simu."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Rununu yake ya zamani ilikuwa imepasuka kioo. Akanunua nyingine, akaihamisha laini, akafuta kila kilichokuwamo katika ile kuukuu kama alivyoshauriwa, kisha akamwachia muuzaji ili apunguziwe bei. Mtu mwangalifu angefanya vivyo hivyo. Usiku alipotaka kufungua barua pepe, aliandika nywila yake ikakubalika, kisha akaombwa tarakimu sita kutoka kwenye programu ya uthibitisho. Akaipakua programu hiyo katika rununu mpya, akaifungua, akaikuta tupu. Na katika akaunti hiyo ndimo alimohifadhi rekodi zote za mahojiano ya utafiti wake, kazi ya miezi minane, ilhali tarehe ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa imebakisha wiki tatu.

"Lakini laini ni ileile!" alirudia mara tatu au nne. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwani naamini walimu na wanafunzi wengi wanaosoma safu hii wangesema hivyo hivyo.

Wala si ajabu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, Mkenya amezoea kwamba mali yake huifuata laini. Simu ikiibwa, huenda kwa kampuni na kitambulisho chake, akapewa laini nyingine yenye nambari ileile, na fedha zake akazikuta. Tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi nazo hutii kanuni hiyo: ni mali ya nambari, na popote nambari iendapo huifuata.

Tarakimu za programu ya uthibitisho hazina uhusiano wowote na nambari. Siku unapoiunganisha programu na akaunti yako, tovuti hukuonyesha mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe, nawe huupiga picha kwa rununu. Ndani ya vidoa hivyo mna siri ndefu ambayo rununu huinakili na kuihifadhi. Tangu hapo rununu na tovuti, kila moja kivyake, huichukua siri hiyo pamoja na saa ya wakati huo na kupiga hesabu moja; aghalabu kila baada ya sekunde 30 jibu hubadilika, na majibu ya pande mbili yakilingana, mlango hufunguka. Hakuna ujumbe wowote unaotumwa. Ndiyo maana programu hiyo hufanya kazi hata katika rununu isiyo na laini kabisa, na ndiyo maana saa ya rununu ikipotoka tarakimu hukataliwa. Siri imo ndani ya rununu, na laini haina habari nayo. Anayeifuta rununu kabla ya kuihamisha siri ameuchoma ufunguo wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna na aina ya tatu, nayo ni zile tarakimu za akiba. Google, kwa mfano, humruhusu mtumiaji kuchukua kumi, kila moja ya kutumika mara moja tu, kwa ajili ya siku kama hiyo iliyomfika mwanafunzi wangu. Nilipomuuliza alikoziweka, alinijibu kwamba hakuwahi kuzichukua. "Si tumeambiwa kodi haiandikwi popote, wala haipewi mtu?"

Hapo ndipo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Vitu vitatu vyenye tabia tatu tofauti tumevipa jina moja, tena jina la kuazima ambalo tayari lilikuwa na kazi ya kutosha ya kubeba ushuru wa serikali na malipo ya nyumba. Matokeo yake ni kwamba onyo lililo sahihi kwa kimoja huwa sumu kwa kingine. Tarakimu za ujumbe usimpe mtu yeyote, kwani walaghai huzitafuta usiku na mchana. Waama, onyo hilo limewaokoa wengi. Lakini tarakimu za akiba ni lazima ziandikwe na kutunzwa, la sivyo hazina maana ya kuwapo. Binti yule alikuwa mwanafunzi mtiifu, na utii wake ndio uliomponza.

Yamkini atatokea mtu aseme kwamba tatizo ni la mafundi, wala si la lugha, na kwamba tangu Aprili 2023 programu ya Google ya uthibitisho inaweza kuweka nakala ya siri hizo katika akaunti ya mtumiaji. Ni kweli, kwa aliyekubali kuiwasha huduma hiyo. Hata hivyo, ikiwa akaunti iliyofungwa ndiyo hiyohiyo yenye nakala, atakuwa amefungia ufunguo ndani ya nyumba. Mwingine atashauri tuachane na programu hizi, turudi kwenye ujumbe mfupi. Simuungi mkono: mlaghai akifaulu kuidanganya kampuni ya simu impe laini yenye nambari yako, ujumbe wote huingia kwake, lakini siri iliyomo ndani ya rununu yako hubaki kwako.

Nakiri kwamba istilahi peke yake isingalimwokoa mwanafunzi wangu. Lakini mtu asiyekuwa na jina la kitu huona taabu hata kukiulizia. Kamusi zetu zina neno msimbo, nasi wanaisimu tumelizoea tangu zamani tunapozungumzia kubadili msimbo. Anayelipenda na alitumie. Mimi sigombei neno. Nagombea kwamba yawe majina matatu. Darasani kwangu nimeanza kusema tarakimu za ujumbe, tarakimu za programu na tarakimu za akiba, na hadi sasa hakuna aliyeniuliza maana yake.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanayo nafasi nzuri zaidi kuniliko. Katika uandishi wa kiuamilifu huwafundisha wanafunzi kutunga maagizo, na mara nyingi maagizo hayo huwa ya kupika pilau au kumeza dawa. Hebu wapewe kazi ya kumwelekeza nyanya aliyenunua rununu mpya. Watagundua upesi kwamba uzito wote umo katika mfuatano. Ile ya zamani ingali inafanya kazi, siri zihamishwe kutoka kwenye programu yake hadi mpya. Kila akaunti ijaribiwe moja baada ya nyingine. Tarakimu za akiba zichukuliwe na kuandikwa karatasini. Na ndipo, wala si kabla, ile kuukuu ifutwe. Hatua hii ya mwisho ikiwekwa mwanzo, insha nzima imeanguka.

Kwa aliyekwisha kufungiwa nje, kitu cha kwanza ni kutafuta kompyuta au rununu nyingine ambayo akaunti yake ingali wazi. Asipoipata, atumie tarakimu za akiba kama anazo, au anwani na nambari ya dharura aliyoisajili. Njia ya mwisho ni kuomba kampuni yenyewe imrejeshee akaunti, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa, na ambalo ni heri alifanye kwa kifaa alichokizoea na mahali alipozoea kukitumia. Wale vijana wanaojitangaza kwamba hufungua akaunti yoyote kwa malipo awapishe wapite.

Mwanafunzi wangu alibahatika siku ya sita. Dada yake anayeishi Thika alikuwa na kipakatalishi ambacho binti huyo alikuwa amekitumia kuandikia pendekezo la utafiti wake, na siku ile alikuwa amekitia alama kwamba ni cha kuaminiwa. Nywila pekee ikatosha. Aliiondoa rununu ya zamani katika akaunti, akaiunganisha mpya, akachukua tarakimu kumi za akiba na kuzinakili kwa kalamu. Karatasi hiyo ameitia katika bahasha ya vyeti, kati ya cheti cha kuzaliwa na kile cha KCSE. Na ile kodi nyingine, aliniambia, alikuwa ameilipa tangu tarehe mosi.