Kadi Yako Haijafa, Programu Ndiyo Haijui Kusema La

Juzi niliingia saiba moja pale Mwingi na memori kadi ya MB 128, ile ya enzi za mulika mwizi. Nilitaka tu kuifomati nimwekee shosho nyimbo, maana redio yake inasoma kadi. Programu ikaanza, ikakwama, ikajifunga bila kusema kitu. Jamaa wa saiba akaniangalia: "Hiyo imekufa bro. Nunua mpya."

Maze, kadi ilikuwa nzima! Wiki iliyofuata nikiwa kwa binamu yangu Wote, tuliijaribu na programu nyingine, ikakubali fiti. Kilichokufa ni ile programu.

Inatokeaje? Kabla ya kuandika chochote, programu ya kufomati hupiga hesabu: ukubwa wa kifaa, toa nafasi inayohitaji yenyewe, kinachobaki ni cha faili zako. Kifaa kikiwa kidogo mno, inaweza kujikuta inatoa 12 kwenye 10. Wewe utasema hasi 2. Lakini namba za biti 32 zisizojua hasi huzunguka na kukupa 4,294,967,294. Programu inaamini ina nafasi kubwa ajabu, inaenda kuandika mahali hapapo, inakrashi.

Dawa ni mistari michache tu: pima kwanza. Kama nafasi haitoshi, sema haitoshi, taja inayohitajika, kisha jifunge kwa heshima.

Wapo wanaofanya hivyo. Kwenye Linux, mkfs.ext4 ikikuta kifaa ni kidogo kubeba daftari lake la mabadiliko, inakuambia, inaliacha na kuendelea. Nayo mkfs.xfs tangu 2022 inakataa chochote chini ya MB 300. Ni kali, lakini angalau unajua umekataliwa kwa nini.

Najua kuna msee atauliza, "Nani bado anatumia MB 128?" Shosho wangu. Na kila mtu ambaye pesa ya kadi mpya kwake ni pesa ya unga. Programu ikinyamaza, anayelipa ni yeye.

Sisi Ukambani tunafaa kulielewa hili haraka. Kitui na Makueni watu wanajenga mabwawa ya mchanga mitoni, na fundi mzuri hamwagi simiti kabla ya kujua mwamba uko wapi. Anapima kwanza.

Sasa Konza, jiji la teknolojia, linajengwa hapo Malili, Makueni. Poa. Lakini teknolojia si majengo pekee. Programu nyingi za Linux ziko wazi: yeyote anaweza kuzisoma na kutuma marekebisho, hata ukiwa Kibwezi na laptopu ya kuazima. Kwa hivyo ikikrashi, usikimbilie kutupa kadi. Andika ukubwa wa kifaa na ulichofanya, uwaripotie wanaoitengeneza. Ukiweza, watumie hiyo mistari michache.

Shosho sasa anasikiliza nyimbo zake. Kadi ni ile ile "iliyokufa".