Pumzi Isiyomo Katika Kitita

Mashine inayonisukumia hewa nikiwa usingizini imetimiza miaka 9. Yavuma kama cherehani kuukuu, na bima yangu imenijibu kuwa kifaa hicho hakimo katika kitita. Kumbe anayekatikiwa na pumzi usiku kucha huhesabiwa mgonjwa pale tu kiharusi kinapomwangusha, na hapo gharama hulipwa bila maswali!

Tangu Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waitangaze tiba hii mwaka 1981, kanuni yake haijabadilika: feni ndogo husukuma hewa ili koo lisizibe. Medicare ya Marekani huruhusu mashine kubadilishwa baada ya miaka 5. Sisi twaelekezwa kwenye mtumba. Lakini mwaka 2021 Philips iliagiza mamilioni ya vifaa vyake virudishwe, kwa kuwa sponji ya ndani ilikuwa ikimomonyoka. Nani atakagua namba ya mashine iliyonunuliwa mkononi?

Sidai cha bure. Hospitali za rufaa zinunue kwa wingi, zikodishe kwa malipo ya mwezi, zibadilishe barakoa na vichujio kwa ratiba. Vitita hupangwa na watumishi wa umma, na baadhi yao hunisoma hapa. Waniambie: ni kifungu gani kinachozuia?