TAHARIRI: CHUNGU KISITUMALIZIE KUNI NA MAJI

Ndugu wanaushirika,

Maneno yamekuwa mengi juu ya kikundi cha wafinyanzi. Wapo wasemao kifungwe kwa sababu kinamaliza kuni. Wapo wasemao kiachwe hivyo hivyo, ati kinaleta fedha kutoka Arusha mjini. Sisi tunasema ufinyanzi ubaki, ila mtindo wake ubadilike.

Hebu tutazame hali. Shimo la udongo kule bondeni limesogea hadi karibu na mikuyu, na chini ya mikuyu ndipo ilipo chemchemi. Mizizi ikikatwa, kingo zitabomoka na matope yataziba maji. Kuni nazo zinafuatwa mbali, kuelekea msituni. Msitu wa Mlima Meru si wa kijiji kimoja. Unalisha mito ya Themi, Nduruma na Usa, ambayo maji yake huingia Kikuletwa na kufika bwawa la Nyumba ya Mungu. Tukikata huku juu, mkulima wa kule chini atalia. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Somo lile halijachakaa.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Vema sana, lakini huo ni wa jikoni. Moto wa vyungu ni wetu wenyewe kuushughulikia. Tufanye hivi:

1. Kuni zikauke. Nusu ya uzito wa mti mbichi yaweza kuwa maji, na moto huyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuivisha chungu. Zipasuliwe na kupangwa chini ya paa kwa miezi mingi.

2. Vyungu vikauke kabisa kivulini. Chungu chenye unyevu hupasuka motoni, na kila kilichopasuka kimekula kuni bure.

3. Tuchome pamoja. Moto wa wazi joto lake huenda angani. Tanuru la kuta nene, likijazwa vyungu vya wote, hutunza joto.

4. Magunzi, maganda ya kahawa, pumba za mpunga na vumbi la mbao visaidiane na kuni.

5. Chungu kilichoharibika kivunjwe kabla ya moto. Udongo mbichi huloweshwa ukafinyangwa tena, lakini uliokwisha kuchomwa haurudi. Vigae visagwe, unga wake uchanganywe na udongo mpya, maana hupunguza kupasuka.

6. Shimo lihamishwe mbali na chemchemi. La zamani lifukiwe, udongo wa juu urudishwe juu, ipandwe miti.

Lipo na soko la kutazama. Wenzetu wa Kenya tangu miaka ya 1980 wanatengeneza jiko la mkaa la bati lenye udongo uliochomwa ndani, linalopunguza sana matumizi ya mkaa. Mikono inayofinyanga mtungi haishindwi kufinyanga tumbo la jiko. Hapo mfinyanzi, badala ya kulaumiwa kwa kuni, atakuwa anaziokoa.

Jambo la mwisho, na hili tulisema wazi. Wafinyanzi wetu ni akina mama, na fedha ya vyungu ndiyo ada na sare za watoto. Si haki kuwabebesha mzigo huu peke yao wakati maji ya chemchemi tunakunywa wote. Wanaume wajenge tanuru na banda la kuni kwa kazi ya kujitolea. Ushirika utoe mabati. Kikundi nacho kiweke akiba kidogo kila kinapouza, kwa ajili ya miche.

Mkutano mkuu ujao uamue. Asiyefika asije akanung'unika kisimani.

Ushirika ni nguvu! Maji ni uhai!

Katibu wa Chama,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani