Utafiti wa Makerere usiwe fimbo ya mbali

KAMPALA. Julai 1, 2018 Waganda waliamka na kukuta pesa za simu zinakatwa kodi ya asilimia moja: ukiweka, ukituma, ukipokea na ukitoa. Muda si mrefu, Benki Kuu ikawaeleza wabunge kwamba thamani ya miamala imeshuka, na Rais Yoweri Museveni mwenyewe akakiri kuwa kiwango kilikosewa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilikipunguza hadi asilimia 0.5, tena kwa fedha zinazotolewa tu.

Kosa lilirekebishwa, lakini gharama yake ilibebwa na wakala wa kibandani na mama wa sokoni aliyekuwa akilipia mzigo kwa simu.

Uganda haina uhaba wa wataalamu. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi (EPRC) kipo Makerere tangu 1993, safari fupi ya bodaboda kutoka Bungeni. Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka kila muswada uambatane na cheti cha athari za kifedha, kinachoeleza pia athari zake kwa uchumi. Tatizo ni kwamba cheti hicho hutolewa na Waziri wa Fedha, ambaye ndiye mwenye miswada ya kodi. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Udhaifu huu hauishii Kampala. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikalegeza na kudai cheti kinachoonyesha sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ndicho kilekile kilichomo katika viwango vya mahindi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya pamoja ilikuwepo. Kilichokosekana ni vipimo vya pamoja ambavyo kila upande ungeviamini. Afya ya mlaji ni jambo zito, lakini mkulima wa Masindi hawezi kujibu tuhuma ambayo takwimu zake hazioni.

Wapo maofisa wanaosema bajeti haiwezi kusubiri watafiti, na kwamba ripoti zao ni ndefu na zinategemea fedha za wafadhili. Hoja hizo zina ukweli. Dawa yake ni serikali kulipia utafiti inaouhitaji na kuuagiza mapema, badala ya kufanya uamuzi gizani.

Hatua tatu zinawezekana. Kwanza, kila muswada wa kodi upate tathmini huru, itangazwe kabla ya wabunge kupiga kura. Pili, EPRC, KIPPRA ya Kenya na REPOA ya Tanzania zipewe kazi ya kuchunguza kwa pamoja kila zuio la biashara mipakani. Tatu, muhtasari utolewe kwa Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, ili mfanyabiashara wa Busia ausome upande wowote wa mpaka.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Utafiti unaofika baada ya kodi kupitishwa na malori kuzuiwa hausaidii kitu ila kuhesabu hasara.