Wito: Jumapili Hii Chai ya Saa Nne Tuinywee Mtaani

Ndugu mwananchi wa Dar es Salaam, Jumapili hii chai utainywa wapi?

Sizungumzii chai ya alfajiri, ile tunayoinywa tumesimama huku sikio likisikilizia daladala. Nazungumzia chai ya saa nne, saa tano. Watoto wameamka bila kuamshwa, waliokwenda misa ya kwanza wamerudi, nguo za wiki zimeshaanikwa, na njaa imeanza kubisha hodi. Kifungua kinywa kimepita, cha mchana bado, na hakuna anayetuharakisha.

Wengi wetu saa hiyo inatukuta ndani, kila mtu na kikombe chake na simu yake. Wiki imechosha, nani atamlaumu mtu kwa kupumzika nyumbani kwake? Hata hivyo naomba kitu kimoja. Walau Jumapili moja kwa mwezi tutoke, kaya nzima, baba, mama, watoto na mgeni aliyetutembelea, twende tukale kwa mama lishe na baba lishe wa mji huu. Hoteli kubwa za Masaki na Oysterbay zina meza nzuri za Jumapili, na mwenye nafasi ya kwenda aende kwa furaha. Ila kuna meza nyingine ambazo ni zetu sote, na zinatuhitaji.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Tumetoka kila pembe ya nchi, na kila aliyekuja alikuja na mapishi ya kwao. Ndiyo maana katika mtaa mmoja unaweza kupata mtori wa Kilimanjaro, mbaazi za nazi na maandazi ya Pwani, urojo wa Unguja, na bhajia za dengu zilizoletwa na wenzetu wenye asili ya India. Je, mtoto wako ameshavionja vyote hivyo?

Twende wapi, basi?

Tuanzie Feri, kwenye soko la samaki. Ukiwa Kimara, Ubungo au Magomeni, panda basi la mwendokasi la Kivukoni ushuke kituo cha mwisho. Kutoka hapo ni hatua chache tu kwa miguu. Anayetoka ibadani Mtakatifu Yosefu au Azania Front atafika kwa kutembea kando ya bahari. Na anayeishi Kigamboni akishuka kwenye pantoni, soko liko palepale.

Vyombo vya wavuvi huingia alfajiri na mnada huanza mapema. Ikifika saa nne, zile kelele kubwa zimepungua kidogo, na hapo ndipo pazuri pa familia. Nunua samaki wako mbichi, mpe kijana amparue na kumtoa matumbo, kisha mpeleke kwa wakaangaji wenye makarai makubwa. Mshike mtoto mkono umfundishe: huyu ni changu, huyu kibua, huyu kolekole, yule mwenye mikono mingi ni pweza. Mwonyeshe jicho linavyong'aa kwa samaki mpya, na ufunue shavu auone wekundu wake. Mtoto wa Dar es Salaam asiyejua kumchagua samaki, nani atamfundisha kama si sisi?

Halafu kuna supu. Hii ndiyo asubuhi ya Dar es Salaam yenyewe. Supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku wa kienyeji, ya utumbo, ya makongoro. Kipande cha ndimu, pilipili pembeni, chapati mbili. Kariakoo utaipata, Ilala utaipata, Temeke, Mwananyamala, Tandika, Sinza, na karibu kila penye kituo cha daladala. Sina haja ya kukutajia kibanda, maana wa mtaani kwako unamjua mwenyewe.

Lakini umewahi kujiuliza ile supu ilipikwa saa ngapi? Makongoro unayoyala saa nne yalipanda jikoni wewe ukiwa umelala. Vitumbua navyo vilianza jana: mchele umelowekwa, ukasagwa, ukatiwa tui, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, kisha kitumbua kimojakimoja kikageuzwa katika chuma chenye vishimo. Mama aliyekaa nyuma ya jiko lile amekuwa macho kwa ajili ya watu asiowajua majina. Tunapomwambia "mama, shikamoo, leo vitumbua vimekubali," tumemlipa kitu ambacho noti haikilipi.

Wale wanaopenda upepo, nawaelekeza Coco Beach. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, anayetoka mjini upande wa Hospitali ya Aga Khan anavuka juu ya bahari hadi kule kwa muda mfupi. Wengi huenda jioni. Mimi nawashauri mwende mchana haujakolea, kabla watu hawajajaa na wazee hawajakosa pa kukaa. Mihogo ya pale, ya kukaanga au ya kuchoma, yenye kachumbari, ndimu na pilipili, haihitaji kutangazwa. Mwenye sukari au presha aombe ya kuchoma, chumvi kidogo, na maji ya dafu badala ya soda. Na watoto wasiachwe peke yao majini, hata wakisema wanajua kuogelea.

Kisutu na mitaa ya Jamhuri na Indira Gandhi ina sambusa, kachori, katlesi na chai ya maziwa iliyokolea viungo. Kariakoo ina vijiwe vya kahawa na kashata. Wazee wetu wanajua vilipo. Waulizeni, watafurahi kuulizwa.

Sasa, tukishafika, tufanye nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae pamoja kama watu wa nyumba moja.

Kwanza salamu. Mpishi ni mama yetu au dada yetu, na wahudumu ni vijana wetu. Mtoto aamkie kabla hajaagiza. Aliye mkubwa kuliko wote mezani aletewe maji ya kunawa kwanza. Haya watoto hawayasomi kwenye daftari. Wanayaona kwetu.

Pili, usafi, na huu ni wetu sote, mlaji na mpishi. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia kwetu hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoani. Tuliokuwapo hatujasahau. Wapishi wetu wengi wanajitahidi sana: chakula kimefunikwa, ndoo ina bomba, sabuni ipo. Tuwatie moyo kwa kuzitumia. Ukiona sabuni imekwisha, je, kuna ubaya gani ukinunua kipande dukani ukakiweka pale bila maneno? Nanyi akina mama na kaka zangu wa jikoni, mnajua kuliko sisi kwamba mteja akiona mikono safi na kawa juu ya vitumbua, kesho anarudi na jirani yake.

Tatu, vyombo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu imeacha mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na tuliitikia vizuri. Tusogee hatua moja zaidi. Anayetaka kubeba vitumbua vya mgonjwa aliyebaki nyumbani aje na hotipoti yake au bakuli lenye kifuniko. Chupa ya maji tuliyokuja nayo ufukweni turudi nayo. Ganda la dafu na mwiba wa samaki vina ndoo yake. Tukiikosa, tuulize iko wapi.

Nne, pesa. Meza hizi zinaishi kwa mzunguko mdogo. Nazi, unga, mafuta na mkaa wa kesho vinanunuliwa kwa pesa ya leo. Kwa hiyo tuje na noti ndogo, au tulipe kwa simu pale penye namba ya malipo. Na kama jina lako limo kwenye lile daftari la madeni, Jumapili ni siku njema ya kulifuta. Ukimaliza deni utakaa kwa raha, na mama hatakuwa na haja ya kukuangalia kwa aibu ya kukudai.

Nataka nilisemee kidogo suala la moto pia, maana lina uzito wake. Sehemu kubwa ya vyakula hivi bado inapikwa kwa mkaa na kuni. Moshi huo anauvuta mpishi, na mara nyingi mtoto aliye mgongoni anauvuta pia. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo zuri. Lakini mtungi wa gesi na jiko lake, kwa mtu anayeanza siku na mtaji mdogo, ni pesa nyingi kutoa kwa mkupuo.

Tunaweza kusaidia wapi? Mahali pa kazi, kwa mfano. Mko watu kumi mnaokula kwa mama mmoja kila siku. Mkikubaliana kulipa ya wiki mbili mbele, mara moja tu, mmempa mwanzo wa kununua jiko la gesi, nanyi mtalipwa kwa chakula. Hamjatoa sadaka, mmenunua chakula chenu mapema. Wenye vikoba nao waangalie kama mama lishe wa mtaa amealikwa kujiunga.

Kuna pia mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri imetengwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa kwa muda mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Je, mama anayekupikia anajua kwamba imerudi? Wewe uliyesoma tangazo mwambie. Akihitaji mtu wa kumwandikia barua au kumsindikiza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, nusu saa yako inatosha.

Nanyi viongozi wa ofisi, wakuu wa shule, wenyeviti wa vikao vya harusi na vya misiba: vitafunwa vya kikao kijacho vitatoka wapi? Badala ya pakiti za biskuti, agizeni mihogo, maboga, magimbi, vitumbua na chai ya tangawizi kwa mpishi wa karibu. Mwambieni siku mbili kabla ili ajipange, na mlipeni siku ileile. Hawezi kusubiri hati ya malipo izunguke meza tano.

Jambo jingine. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wengi wa mji huu walihamia maeneo waliyotengewa, na wapishi nao walihama. Baadhi yao walikuwa na wateja wa miaka mingi waliopotezana nao hadi leo. Ulikuwa na mama yako wa chapati pale kituoni? Muulizie. Muuza magazeti atajua, fundi viatu atajua, bodaboda wa zamani atajua. Mfuate aliko, ukae, ule, umwambie ulimkumbuka.

Mwezi wa Ramadhani meza nyingi hupumzika mchana, na sisi tuheshimu. Miadi yetu ihamie jioni, kwenye futari, ambako mihogo ya nazi na kaimati vinatungoja, na aliyefunga na asiyefunga wakae mkeka mmoja kama ilivyo desturi yetu.

Kwa Jumapili hii, nawaomba mjipange tangu Jumamosi jioni. Kaeni na wa nyumbani mkubaliane mnakwenda wapi. Wapeni watoto nafasi ya kuchagua. Tafuteni chenji. Osheni hotipoti. Pale jirani kuna mzee anayekunywa chai peke yake tangu watoto wake waondoke? Mpitieni, mwambieni mnakwenda naye, na mtafutieni kiti chenye egemeo. Na kama mnachokitaka ni mbaazi za nazi, tokeni kabla ya saa nne, maana kwa wapishi wazuri saa tano huwa zimekwisha.